Kumzoesha Mbwa Wazungu

Kwetu Morogoro, ukimwita mwenzako mtoto wa mbwa, wazee wataitwa, mtakalishwa kikao, na mmoja wenu ataomba radhi mbele ya watu. Kwa hiyo sikujua niseme nini asubuhi ile ya Jumamosi binti yangu alipopiga hodi, hilo likiwa ndilo neno pekee la Kiswahili analolitoa bila kulazimishwa, akaingia sebuleni kwangu Walthamstow, London, na mtoto wa mbwa halisi kamfunga ndani ya skafu. Hakuniuliza. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kiti alichokaa baba yake, akamweka mbwa mapajani mwake, akarudi nyuma hatua mbili na kutazama.

Mbwa akamkojolea mzee. Mzee akacheka. Alikuwa hajacheka kwa miezi kumi na moja, basi nikameza niliyotaka kusema, nikaenda kutafuta kitambaa.

Nieleze kwanza mbwa wa kwetu walivyokuwa. Getini kwa baba yangu kulikuwa na kibao kilichoandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na kibao hicho kilibaki hata miaka ambayo hatukuwa na mbwa. Mbwa alikuwa askari. Alilala nje, alikula ukoko, na kazi yake ilikuwa moja tu, kumchukia kila asiyekuwa wa nyumba ile. Mbwa aliyemchangamkia mgeni tulimhesabu kuwa ameharibika, na baba alimtazama kwa masikitiko yale yale aliyomtazamia kaka yangu aliyefeli darasa la saba. Sasa nilikuwa na mbwa ndani ya nyumba, juu ya zulia, mwenye blanketi lake na mdoli wake wa sungura.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi hapa London, na mtu wa maneno mengi kupita kiasi. Alikuwa anaweza kuanza kisa tukiwa tunavaa viatu na akakimaliza tukiwa tunavivua, na mimi katikati nilikuwa nimeshakwenda kazini na kurudi. Kiharusi kilimkuta akinyoa ndevu. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua nusu ya mguu, kisha kikabeba maneno. Kiingereza kiliondoka chote. Kiswahili nacho kiliondoka, isipokuwa neno moja. Karibu.

Mtaalamu wa matamshi alitueleza kwamba jambo hilo si geni, kwamba mgonjwa anaweza kubakiwa na neno moja akalitumia kwa kila haja. Wengine, alisema, hubakiwa na tusi. Nilipata kufikiri kwamba tusi lingetufaa zaidi. Hospitalini daktari alimuuliza kama anasikia maumivu. Karibu. Kama anajua yuko wapi. Karibu. Wakampata mkalimani kwa simu, Mkenya mmoja mwenye sauti ya upole, naye akafasiri kwa uaminifu kwamba mgonjwa anasema mnakaribishwa. Daktari akashukuru na kuandika.

Nyumbani karibu ilikuwa chai, ilikuwa choo, ilikuwa zima televisheni, ilikuwa naumwa. Ilikuwa kazi yangu kubahatisha, na nilikosea mara nyingi, na nikikosea alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mchana kutwa naongea na wazee wa watu kwa sauti ya asali, nawauliza walilalaje, nasikiliza habari za paka waliokufa zamani. Nikirudi kwangu nilikuwa nafungua mlango polepole kwa ufunguo, nauzungusha taratibu, nipitilize jikoni kabla hajanisikia. Sikutaka kusikia ile karibu. Nilikuwa nimelichoka neno lile na nilikuwa nimeacha kumwongelesha mume wangu, na naona aibu kulisema hilo mpaka leo.

Kisha akaja huyu mbwa. Siku ya tatu nilikuwa nakaanga maandazi, nikamsikia mzee sebuleni akisema karibu, karibu, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikachungulia. Alikuwa amemega andazi, amelishikilia kwa mkono wa kushoto, na mbwa alikuwa anakuja kwake huku anajikwaa na masikio yake mwenyewe. Kwetu huwezi kula mbele ya mtu bila kusema karibu, hata kama unaomba moyoni akatae. Mbwa hakukataa. Alikula, mzee akamega tena, akasema tena, na kila aliposema alieleweka. Nilirudi jikoni nikakaa nikalia, kisha nikaosha vyombo kwa kelele nyingi ili wasijue.

Basi ndivyo tulivyokuwa na furaha, ikadumu kama wiki mbili. Halafu jirani wa juu akapeleka malalamiko. Kila kengele ya mlango ilipolia mbwa alibweka kama anayechinjwa, na mtaa wetu ni wa vifurushi, kengele hailali. Ofisi ya wakala wa nyumba ikatuletea barua. Mwenye nyumba hakukataa mbwa moja kwa moja. Alitoa wiki nane za majaribio, na mwisho wake, siku ya Alhamisi, wakala angekuja kumwangalia. Akionekana ni kero kwa watu, aondoke.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama. Mzee alikuwa anamtazama mbwa, mbwa anamtazama mzee, na kati yao kulikuwa na nusu ya chapati. Nikajua nikimtoa mbwa yule nyumba itarudi kimya, na kimya kile nilikuwa nimekwisha kukaa nacho, sikukitaka tena.

Binti yangu, ambaye anaishi Hounslow na anafanya kazi uwanja wa ndege, alitupeleka kwa mwalimu wa mbwa. Mwalimu alikuwa msichana wa Kizungu mwenye tatuu ya popo shingoni na mfuko wa maini makavu kiunoni. Akanieleza kwamba mbwa anatakiwa azoeshwe watu na mambo mapema, kabla woga haujamwingia, na kwamba mahali pazuri pa kuanzia ni madukani. Akanipa orodha. Mtu mwenye ndevu. Mtu mwenye kofia. Mtu mwenye fimbo. Mwavuli, toroli, mlango unaojifungua wenyewe, mtoto anayelia. Nikamwambia kwetu tulitumia miaka kumfundisha mbwa amchukie kila mtu kwenye orodha ile. Akacheka, akadhani natania.

Ndipo nikagundua London niliyokuwa siijui. Kuna duka la vifaa vya ujenzi, duka la miche na maua, duka la fanicha, na yote yanaruhusu mbwa aingie. Mlangoni kuna bakuli la maji la mbwa. Kiti cha mtu mzima aliyechoka hakuna, lakini bakuli lipo. Nilimpakia mbwa ndani ya toroli juu ya blanketi lake, nikaingia naye kichwa juu, nikimwomba Mungu nisikutane na mtu wa kwetu.

Kwenye duka la ujenzi, kati ya misumari na gundi, mzee mmoja wa Kizungu alikuja mbio kwa tabasamu, mikono mbele. Mbwa akambwekea hadi mzee wa watu akaangusha sanduku la skrubu. Nikaomba radhi, nikaokota skrubu, nikahamia kwenye rangi. Akaja mama mmoja wa Kizungu mwenye koti la mvua. Mbwa akabweka. Siku iliyofuata, kwenye maua, walikuja wawili kwa pamoja, mume na mke, wamevaa sweta zinazofanana. Mbwa akawabwekea mmoja mmoja, kwa haki.

Nikaanza kufikiri. Nyumbani kwetu akina mama wa ushirika walikuwa wanakuja kila Jumapili kumwombea mzee, na baada ya amina walikuwa wanabaki kwa ajili ya pilau. Hao mbwa aliwapenda hadi kuwalamba viatu. Hakumbwekea hata mmoja wao. Aliowabwekea wote walikuwa Wazungu. Nikajumlisha, nikapata jibu nisilolipenda.

"Mbwa wako ni mbaguzi wa rangi," nilimwambia binti yangu kwenye simu.

Alicheka kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kama kuna mtu aliyenisikia nikisema hivyo. Nikamwambia mimi ndiye ninayekimbizana na skrubu za watu, nina haki ya kusema. Miaka ishirini nimevumilia kutazamwa kwa jicho la pembeni kwenye lifti, leo mimi ndiye mwenye mbwa wa kuwaogopesha. Kwa dakika kama mbili, sitaficha, nilijisikia vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba wakala wa nyumba naye alikuwa Mzungu.

Basi kazi ikawa moja, kumzoesha mbwa Wazungu. Wiki ya tatu na ya nne nilikuwa nawinda. Nilisimama karibu na mashine za kukata majani, maana wastaafu hupenda kusimama pale, na kila aliyepita nilimwomba kwa adabu amsalimie mbwa wangu. Hakuna aliyekataa. Ukitaka Mwingereza akuzungumzishe baada ya miaka ishirini ya kuongelea mvua tu, mpe mbwa. Niliambiwa habari za talaka, za goti lililofanyiwa upasuaji, za mtoto aliyehamia Australia na hapigi simu. Mbwa alibweka katikati ya habari zote hizo. Nilimpa maini makavu, nilimpa soseji, nilimsema kwa Kiswahili cha baba yangu kisichofaa kuandikwa. Meneja wa duka la fanicha alinisogelea, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba pengine kijana wetu hajawa tayari kwa idara ya vitanda.

Jioni zile nilirudi nimechoka kuliko siku za kazi. Mzee alikuwa anamfungulia mbwa kiganja, karibu, na mbwa alikuwa anamlalia miguuni. Mimi nilipita jikoni. Nilikuwa nimehesabu siku zilizobaki kwenye kalenda ya kanisa, na kila siku niliikata kwa kalamu nikijua ninazidi kushindwa.

Wiki ya sita nilirudi kwenye duka la ujenzi. Sikuwa na matumaini. Mvua ilikuwa inanyesha, na kule angalau kuna paa. Nilikuwa nimesimama kwenye njia nyembamba kati ya mabomba na vigae, nikimwambia mbwa kwamba ana bahati hakuzaliwa Morogoro, nilipomwona mfanyakazi mmoja wa duka anakuja na masanduku yamempanda hadi kidevuni. Alikuwa mtu wa pwani, hilo lilionekana kabla hajafungua mdomo. Kofia yake ya kazi alikuwa ameikalisha kichwani kama barakashia. Mbwa akaanza kunguruma.

Hapo nikashtuka. Huyu hakuwa Mzungu. Nadharia yangu yote, niliyoijenga kwa wiki sita na kuitangaza hadi Hounslow, ilikuwa inavunjika mbele ya vigae vya bafuni. Na ndipo nikakumbuka jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka mapema, kwamba watu weusi na Wahindi wa maduka yale hawakuwahi kumsogelea mbwa wangu hata kidogo. Walipomwona walihama njia wenyewe. Waliokuja na mikono mbele walikuwa Wazungu peke yao, ndiyo maana wao ndio waliobwekewa.

Yule bwana alisimama mbali. Alikuwa amenisikia nikimsema mbwa, na akanisalimia shikamoo kutoka pale pale, juu ya masanduku. Nikamwitikia. Hakutaka mbwa amlambe. Alikuwa na udhu wake na zamu yake bado ndefu, na hakuwa na njia nyingine ya kupita.

"Hodi hodi, mama," alisema. "Napita na mzigo."

"Karibu," nikajibu. Sikufikiria. Ukiambiwa hodi unasema karibu, mdomo unajua wenyewe.

Mbwa akanyamaza. Akakaa kitako ndani ya toroli, akalaza masikio, akaanza kupiga blanketi kwa mkia, na akamtazama yule mtu wa pwani kwa mapenzi kama aliyewahi kumnunulia nyama. Yule bwana akapita amebana tumbo, shati lake lisiguse toroli. Alipofika upande wa pili akageuka.

"Mama, mbwa wako ana adabu kuliko wateja wangu," alisema. "Anataka hodi kwanza."

Akaenda zake na masanduku. Mimi nilibaki nimeshika toroli, watu wanazunguka kunipita.

Akina mama wa ushirika. Kila Jumapili walikuwa wanafika mlangoni wanaita hodi, kwa nguvu, mtaa mzima usikie, na mzee kutoka kwenye kiti chake anajibu neno alilo nalo. Binti yangu naye hodi, karibu. Kila mtu mwema aliyewahi kuingia nyumba ile aliingia na neno lile, na kila kitu kitamu mbwa yule alichowahi kula kilikuja na neno lile. Lakini kengele ikilia ni mimi niliyekwenda, nafungua mlango kimya, napokea kifurushi kimya. Mbwa alikuwa anasikiliza lile neno la kwamba mambo ni salama, na halikutoka. Ungekuwa wewe ungebweka.

Niliondoka bila kununua chochote, nikapanda basi na mbwa mapajani. Njiani hasira ilinishika, na haikuwa hasira ya mbwa. Mnyama wa miezi minne alikuwa ameshika Kiswahili cha mume wangu ndani ya wiki mbili, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na tatu nilikuwa nakikimbilia jikoni. Nilikuwa nimehesabu lile neno kuwa takataka iliyobaki baada ya nyumba kuungua. Sikuwahi kujiuliza analisema kwa nani.

Wiki mbili zilizobaki nilizitumia vizuri. Nilirudi kwenye maduka yote, pamoja na la fanicha, na kila Mzungu aliyenyoosha mkono nilitangulia kusema karibu, kwa sauti, nikimwiga mzee alivyokuwa analivuta lile neno mwishoni. Mbwa hakuniamini sana mwanzoni. Sauti yangu haikuwa ile. Lakini alikaa, mkia ukagonga, na mtu akamgusa kichwa. Tatizo likawa jingine. Kila mtu alidhani hilo ndilo jina lake. Ndani ya siku chache wafanyakazi wa duka la ujenzi walikuwa wanamwita kutoka kwenye ngazi, Karibu, Karibu, na mbwa alikuwa anageuka huku na huku kama mbunge siku ya kampeni, anamkubali kila mtu. Wastaafu wa mashine za majani walimwita. Meneja wa vitanda alimwita. Yule bwana wa pwani alikuwa anapita mbali akitingisha kichwa na kucheka. Niliacha kuwasahihisha. Walikuwa wanaifanya kazi yangu bila kujua, na wakiitamka vibaya mbwa hakujali.

Siku yenyewe ya Alhamisi niliomba ruhusa kazini. Wakala alikuwa ameandika atafika saa tano. Nilipanga nimsubiri mlangoni, nimwambie karibu kabla hajafika kwenye kengele, mambo yaishe. Saa nne na nusu nilikuwa bafuni, kichwa kimejaa rangi ya nywele, maana sikutaka mtu aje kukagua mbwa akakuta mvi. Kengele ikalia.

Mbwa akabweka. Alibweka kile kilio cha kwanza kabisa, cha kuchinjwa, na juu nikasikia kiti cha jirani kikisogea. Nikatafuta taulo, nikaangusha chupa, nikakanyaga rangi. Nilikuwa nasema peke yangu, tumekwisha, tumekwisha. Kisha mbwa akanyamaza.

Nilipotokea ukumbini na taulo kichwani na rangi inanichuruzika shingoni, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amesimama. Tangu atoke hospitali hakuwahi kuinuka kwenye kile kiti bila mimi kumshika kwapani, na sasa alikuwa ameegemea kigari cha kutembelea alichopewa hospitalini, katikati ya mlango, mguu mmoja ndani ya ndara na mwingine mtupu, mkono wa kushoto bado uko kwenye kitasa. Mbwa alikuwa amekaa juu ya ule mguu mtupu. Nje alisimama mwanamke wa Kizungu na jalada lake.

"Karibu," mume wangu alimwambia.

Mwanamke akaangalia chini. Akasema hilo ni jina zuri kabisa, akainama, akamkuna mbwa nyuma ya sikio. Mbwa akamlamba saa ya mkononi. Nilitaka kueleza, nikaacha. Akaingia, mzee akamfuata nyuma hatua kwa hatua, mimi nimeshika mkanda wake wa suruali. Akamuuliza mzee kama mbwa anamsaidia. Karibu, akasema mzee. Akamuuliza kama anabweka sana. Karibu, akasema mzee, na kwa Kiswahili chetu hilo lilikuwa jibu la kweli, maana alikuwa karibu kuacha. Mwanamke akatabasamu kwa mbwa, akidhani anaitwa, na mbwa akatabasamu kwa andazi lililokuwa mezani.

Barua ya kumruhusu mbwa ilikuja baada ya siku sita. Nilimtumia binti yangu picha ya barua, akaisoma kwa sauti kwenye simu, akasema wameandika na jina lake. Mbwa anayeitwa Karibu anaweza kuendelea kukaa. Jina lake halisi lipo kwenye kadi ya chanjo na hakuna anayelitumia tena.

Nywele zangu zilitoka rangi mbili na nilikwenda nazo kanisani hivyo hivyo.

Jambo asilolijua jirani wa juu, wala wakala, na ambalo sijamwambia binti yangu, ni hili. Nikitoka zamu sasa naja kwa basi, mbwa nimemwacha na mzee, nafika mlangoni kwangu na ufunguo uko mfukoni. Siutoi kwanza. Nasimama pale kwenye kizulia, mwanamke mtu mzima mbele ya mlango wake mwenyewe, majirani wanaopita wananitazama. Kwa muda wote ule nilikuwa nadhani mume wangu anajibu ovyo. Hakuwa na wa kumpigia hodi.

"Hodi," nasema.

Nasikia mkia ukigonga sakafu kwanza. Halafu yeye.

"Karibu."

Nakwenda moja kwa moja sebuleni, nakaa karibu yake, na namweleza siku yangu yote, paka waliokufa na kila kitu.